Mervyn Cowie: Mlowezi Aliyewatetea Wanyama kwa Barua ya Ujanja

Hapa kwetu Kapkatet, ukitaja mbuga ya wanyama, watu wengi humfikiria mtalii mwenye kamera shingoni, amesimama katika gari lililofunguliwa paa. Ni wachache mno wanaowafikiria jamaa zao wenyewe. Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu, nalo ndilo lililonifanya nichunguze maisha ya mtu aliyekuwa mstari wa mbele kuanzisha mbuga za taifa katika Kenya, yaani marehemu Mervyn Cowie. Vijana wa leo hawalijui jina hilo, ingawa wakati mmoja lilivuma hadi Ulaya. Nionavyo mimi, maisha yake yana mafunzo mawili, moja tamu na la pili chungu, na yote mawili yanatuhusu sisi tunaokaa kando ya mito ya Bureti.

Cowie alizaliwa Nairobi mwaka wa 1909, wakati mji huo ulikuwa bado mchanga, una miaka kumi tu tangu reli ifike. Siku hizo simba walionekana karibu na nyumba za watu, na uwanda wa Athi ulijaa nyumbu, punda milia na swala kiasi cha kumchosha mwenye kuhesabu. Mtoto huyo wa walowezi alikua akidhani kwamba hivyo ndivyo dunia ilivyo na ndivyo itakavyokuwa siku zote. Alipokua alipelekwa Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akahitimu kazi ya uhasibu.

Aliporudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuta mambo yamebadilika. Mahali alipowaona wanyama kwa maelfu, sasa palikuwa na mashamba, nyua na mifupa. Wenye bunduki walikuwa wameua kwa ajili ya nyama, kwa ajili ya pembe, na mara nyingi kwa ajili ya mchezo tu. Ni kweli kwamba yalikuwako mapori yaliyoitwa hifadhi, lakini mapori hayo hayakuwa na ulinzi wa kutosha, na serikali ya kikoloni iliweza kuyakata na kuyagawa ilipotaka. Cowie aliona kwamba hali ikiendelea hivyo, watoto wake watawaona wanyama katika picha tu.

UJANJA WA BARUA

Alianza kwa njia ya kawaida. Alizungumza na wakubwa, akaandika maombi, akawasihi walowezi wenzake. Hakuna aliyemsikiliza. Wakulima waliwaona wanyama kuwa maadui wa mahindi na ngano, na wafugaji waliwaona kuwa wabeba magonjwa ya ng'ombe. Maofisa nao walikuwa na mambo mengine ya kufanya.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1930 mhasibu huyu akatumia akili. Aliliandikia gazeti la East African Standard barua kali, akaficha jina lake na kujiita mlowezi mkongwe. Katika barua hiyo hakuwatetea wanyama hata kidogo. La hasha! Alidai kwamba wanyama wa porini ni hasara tupu, na kwamba inafaa waangamizwe wote ili ardhi iachiwe watu na mifugo.

Ndugu msomaji, unaweza kudhani kwamba mtu huyu alikuwa amerukwa na akili. Lakini alijua alichokuwa akifanya. Watu wale wale waliokuwa wamenyamaza, sasa wakashtuka. Barua za hasira zikamiminika gazetini zikimlaani mlowezi huyo asiyejulikana na kudai kwamba serikali ichukue hatua mara moja kuwalinda wanyama. Mwaka wa 1939 kamati ikaundwa kuchunguza suala hilo, na Cowie mwenyewe akawa miongoni mwa waliolisukuma mbele. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba penye nia pana njia, ingawa njia hii ilikuwa ya kupitia mlango wa nyuma.

Vita Vikuu vya Pili vikaja vikasimamisha kila kitu. Cowie akaingia jeshini. Vita vilipokwisha, sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka wa 1945, na mwaka uliofuata, 1946, Mbuga ya Taifa ya Nairobi ikafunguliwa. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza katika Afrika ya Mashariki. Cowie aliwekwa kuwa msimamizi wake, kisha mkurugenzi wa mbuga zote, kazi aliyoishika kwa miaka ishirini. Tsavo ilifuata mwaka wa 1948, Mlima Kenya mwaka wa 1949 na Aberdare mwaka wa 1950. Mwaka wa 1951 ilitoka sinema iitwayo Where No Vultures Fly, iliyotengenezwa kufuatana na kazi yake, na watu wa London wakajipanga foleni kuitazama.

MAJI YA MTO MMOJA

Kuna jambo moja ambalo halitajwi sana, nami nalipenda kuliko mengine. Mbuga ya Nairobi, yenye eneo la kilomita mraba 117, mpaka wake wa kusini ni Mto Mbagathi. Maji ya Mbagathi huingia katika Mto Athi. Athi nao huteremka hadi Tsavo, ukaungana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, na mwishowe hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi, ambako wenyeji huuita Sabaki. Kwa hiyo mbuga ya kwanza ya Cowie na ile iliyo kubwa kuliko zote zimefungwa pamoja na uzi mmoja wa maji.

Ni kando ya maji hayo ambapo mgeni wa mbuga huruhusiwa kushuka garini na kutumia miguu yake. Katika Mbuga ya Nairobi kuna mahali pa viboko, ambapo mtu hutembea chini ya miti ya kando ya mto akiongozwa na askari wa wanyama. Katika Tsavo kuna chemchemi za Mzima, ambazo maji yake husafiri kwa bomba hadi Mombasa. Hapo mgeni hufuata njia ya miguu mpaka kwenye chumba kilichozamishwa majini, akawatazama viboko na samaki kupitia kioo. Mahali pengi pengine porini humo mtu hutakiwa kukaa ndani ya gari.

Sasa nauliza: yule asiye na gari afanye nini? Swali hili ndilo linaloniingiza katika lile funzo chungu.

WALIOFUNGIWA NJE

Mbuga za Cowie hazikuwekwa mahali patupu. Wamasai walikuwa wamelisha na kunywesha ng'ombe wao katika uwanda huo wa Nairobi tangu zamani, na wafugaji wengine, wakiwemo Wasomali, nao walikuwako. Walitakiwa kuondoka. Katika Tsavo, Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, walikuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa pinde zao ndefu na mishale ya sumu. Siku sheria ilipoandikwa, kazi ya baba zao iligeuka kuwa hatia, na katika miaka ya 1950 vikosi vilitumwa kuwasaka wawindaji hao, wengi wakatiwa gerezani. Mzungu mwenye leseni aliendelea kuua ndovu katika mapori ya nje ya mbuga, akapigwa picha na kusifiwa.

Cowie alikuwa mtu wa zama zake na wa kabila lake la walowezi. Alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni, na wakati wa Hali ya Hatari aliitumikia serikali hiyo. Siwezi kumpamba kwa rangi asizokuwa nazo. Alipofikiria watu watakaostarehe katika mbuga, hapana shaka waliomjia akilini kwanza ni wenye motokaa, na wenye motokaa siku hizo walikuwa akina nani? Mwafrika aliingia humo kama askari, mpishi au mfanyakazi wa barabara.

Hata hivyo, haki ya mtu apewe. Cowie alifahamu kwamba mbuga isiyoungwa mkono na watu haitadumu. Ndiyo sababu alipigania sana utalii, ili nchi ione faida kwa macho yake. Serikali ya Uhuru ilipochukua madaraka mwaka wa 1963, wengi wa walowezi walitabiri kwamba Waafrika watawachinja wanyama wote. Jambo hilo halikutokea. Mwaka wa 1966 Cowie alimwachia kazi Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kuongoza mbuga za taifa. Miaka ya 1970 alifanya kazi katika shirika la AMREF, linalopeleka madaktari kwa ndege mahali pa mbali. Alifariki dunia mwaka wa 1996.

Milango ilifunguliwa kidogo kidogo. Katika miaka ya 1960 kituo cha kulelea wanyama yatima kilianzishwa kwenye lango la Mbuga ya Nairobi, na mtoto wa shule anaweza kumwona chui hapo kwa kutembea kwa miguu. Vyama vya wanafunzi vya kupenda wanyama vilianza mwishoni mwa miaka hiyo. Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa mbuga mwaka wa 1984, humruhusu mtu kuingia kwa baiskeli au kwa miguu. Mwananchi naye hulipa kiingilio kilicho chini ya kile cha mgeni. Na kule Mara, pori la wanyama lilikabidhiwa baraza la wenyeji la Narok mwaka wa 1961, badala ya kuwekwa chini ya mbuga za taifa.

NA SISI WA BURETI?

Huenda mtu akaniambia kwamba Kapkatet haina mbuga, ina chai. Ni kweli. Lakini tuna Msitu wa Mau mgongoni mwetu, na kutoka msitu huo hutiririka Itare, Kipsonoi na Chemosit, ambazo huungana na kuwa Mto Sondu unaokwenda Ziwa Victoria. Upande wa Bomet, Nyangores na Amala huungana na kuwa Mto Mara. Wale nyumbu ambao dunia nzima huja kuwatazama wakivuka Mara, huvuka maji yaliyotoka kwetu.

Isitoshe, sisi tulijua kuhifadhi kabla ya Cowie kuzaliwa. Koo nyingi za Kipsigis zina wanyama wao, kama vile simba kwa watu wa Talai, na mtu humheshimu mnyama wa ukoo wake. Wazee hawakuhitaji ua wala lango ili kuufundisha umma.

Mimi nilikua nikichunga ng'ombe kando ya mto. Hapo ndipo tulipojifunza kuogelea, hapo ndipo tulipokimbizana na kutega ndege, na Jumapili watu wazima walikuja kukaa kivulini wakazungumza. Hakuna aliyeiita starehe, lakini ilikuwa starehe. Baadaye tajiri mmoja alipata kipande cha ardhi mahali hapo, akavuta waya mpaka kwenye maji na kupanda mikaratusi ukingoni. Njia yetu ikafa. Ng'ombe walitafutiwa njia nyingine ndefu, na watoto wakakosa mahali pa kuogelea. Mambo ya namna hii yametokea katika vijiji vingi, na kila mahali watu wamenung'unika chini chini, kisha wakazoea.

Tusizoee! Katiba ya mwaka wa 2010 yasema wazi kwamba mito ni mali ya umma. Sheria inataka pia ukingo wa mto uachwe bila kulimwa wala kujengwa. Ukingo huo ukiachwa kweli, ukapandwa miti ya asili badala ya mikaratusi inayonyonya maji, na pakawa na njia ya miguu, tutakuwa na mbuga yetu ndogo isiyohitaji gari wala kiingilio. Watakuja tumbili, ndege na vipepeo. Watakuja pia watoto wa shule, wachuma chai siku yao ya mapumziko, na wazee wenye hadithi.

Wako watakaosema kwamba watu wakiruhusiwa watakata miti na kutupa takataka. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini msitu uliofungwa nao umekatwa, tena usiku, na jirani hakupiga kelele kwa sababu aliuona kuwa si wake. Mtu hulinda kile anachokipitia kila siku. Kazi ya machifu, wazee wa vijiji na viongozi wa kaunti ni kukaa na wananchi, kuweka alama za ukingo, na kukubaliana ni wapi ng'ombe watakunywa, ni wapi watu watatembea, na ni wapi pataachwa kabisa ili chemchemi ipumzike.

Cowie alituonyesha kwamba mtu mmoja mwenye kalamu anaweza kuiamsha nchi iliyolala. Kosa la wakati wake lilikuwa kudhani kwamba pori hulindwa kwa kumwondoa mwenyeji. Tukilishika lile la kwanza na kulisahihisha hili la pili, mito yetu itapona. Basi na tuandike barua zetu sisi wenyewe, tena kwa majina yetu halisi, kabla ukingo wa mwisho haujafika mikononi mwa mwenye waya.