Aliyeinyamazisha Radi Redioni

Yeyote aliyekulia Kisii au Nyamira aijua radi ya alasiri. Mawingu yalipojikusanya kutoka upande wa Ziwa Viktoria, sisi watoto tulijua taarifa ya habari ingetufikia nusu nusu: kila umeme ulipomulika, redio ilikwaruza na sauti ya mtangazaji ikamezwa. Leo ngurumo hurindima, ilhali Egesa FM yasikika bila doa. Wanafunzi wakiniuliza sababu, huanza na Edwin Howard Armstrong.

Mmarekani huyo alizaliwa New York mwaka 1890. Angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 1912, alibuni njia ya kukuza mawimbi hafifu. Mwaka 1918, akiwa mwanajeshi Ufaransa, akabuni mpango wa kipokezi ambao redio nyingi zimeufuata tangu hapo. Lakini mkwaruzo ndio uliomnyima usingizi.

Katika mtindo wa zamani, sauti hubadilisha nguvu ya wimbi. Radi nayo hufanya vivyo hivyo, basi redio haiwezi kupambanua neno na ngurumo. Armstrong aliiacha nguvu ilivyo, akaifanya sauti ibadilishe masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kipokezi chake hupogoa kila ongezeko la nguvu, kikasoma masafa pekee. Wataalamu wa hesabu walikwisha kuuhukumu mtindo huo kuwa hauna faida, maana waliubana katika nafasi nyembamba, yeye aliupanua. (Hapo hupenda kutua kidogo, ili wanaodhani kila kilicho ubaoni ni amri wasikie.) Hati za kumiliki uvumbuzi wake alizipata Desemba 1933.

Kampuni ya RCA, iliyomruhusu kufanya majaribio juu ya jengo la Empire State, iligeukia televisheni. Mwaka 1945 serikali ya Marekani iliihamisha FM hadi megahezi 88 na kuendelea, ambako redio zetu huitafuta hata leo. Zile zilizokwisha kununuliwa zikawa hazifai. Mwaka 1948 aliishtaki RCA. Kesi ilimla mali na ndoa, na usiku wa kuamkia Februari 1, 1954 alijitoa uhai. Mjane wake, Marion, aliendelea kuzishtaki kampuni nyingine, na kesi ya mwisho akaishinda mwaka 1967.

Juzi mwanafunzi mmoja kutoka Nyamira aliniuliza mbona kwao, bondeni, FM hufifia hata pasipo mvua. Nikamchorea mnara, kilima cha Manga, na mstari ulionyooka unaopita juu ya paa lao.