Joseph Arch, kibarua wa shamba aliyeketi Bungeni

Mwaka 1885 wakubwa wa Ulaya walimaliza mkutano wao wa Berlin, na mfalme Leopold II akajitangaza mwenye nchi ya Kongo bila sisi kuulizwa. Mwaka huo huo, huko Uingereza, watu wa mashambani wa Norfolk walipiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Wakamchagua mtu aliyekuwa amefukuza kunguru katika mashamba ya matajiri tangu utoto. Jina lake ni Joseph Arch. Alikuwa mhubiri wa Wamethodisti, na alikuwa kibarua wa kwanza wa shamba kuingia katika Bunge la Uingereza.

Tunaandika habari zake kwa sababu makanisa yetu mengi ya huku mashariki ni makanisa ya wakulima. Wengi wetu tunajua maana ya kulima shamba la mwingine, kukodi kipande kwa msimu mmoja, na kuona mavuno yakienda kwa mwenye udongo. Arch alikulia katika hali kama hiyo, na alipopata nafasi ya kusema mbele ya wakubwa, hakusema habari nyingine.

Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1826 katika kijiji cha Barford, wilaya ya Warwickshire. Baba yake alikuwa kibarua na mchungaji wa kondoo. Mama yake alifua nguo za watu. Mwaka 1835 watu walipitisha barua ya kuunga mkono sheria zilizofanya nafaka ya nje iwe ghali. Sheria hizo ziliwapendeza wenye mashamba makubwa, lakini zilipandisha bei ya mkate wa maskini. Baba yake akakataa kutia sahihi. Kwa sababu hiyo alikaa majuma 18 bila kazi, na mama akawalisha wote kwa mikono yake ya kufua.

Kuna jambo jingine la utoto ambalo Arch hakulisahau hata akiwa mzee, nasi watu wa kanisa tulisikilize vizuri. Siku moja, akiwa mtoto wa miaka kama saba, alichungulia kwenye tundu la ufunguo la mlango wa kanisa la kijiji ili aone Meza ya Bwana. Akamwona mwenye ardhi mkubwa akienda mbele wa kwanza, peke yake. Wakafuata wakulima matajiri, kisha wenye maduka na mafundi. Mwisho kabisa, baba yake na vibarua wengine wakaenda na nguo zao za kazi. Mtoto akaondoka na uchungu moyoni, akajiapia kwamba yeye hatakula Meza ya namna ile. Hakuacha imani. Aliipeleka kwenye vikanisa vidogo vya Wamethodisti wa Mwanzo, mahali ambapo mchimba makaa na mkata majani waliweza kusimama na kufungua Maandiko.

Alisoma shule kwa miaka michache tu. Alipofikia miaka tisa alianza kazi ya kufukuza ndege shambani, saa 12 kwa siku kwa peni nne. Baadaye akaendesha farasi wa jembe, na mwishowe akawa fundi wa kukata na kusuka nyua za miti zinazotenga mashamba kule kwao. Kazi hiyo ilihitaji ujuzi, na yeye aliiweza kuliko wengi. Ilimpeleka wilaya nyingi hadi Wales. Huko kote aliona vibarua wanavyolala, wanachokula na wanacholipwa. Siku za Bwana alihubiri bila mshahara, akitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji.

Tena alikuwa na kitu ambacho karibu vibarua wote walikosa: nyumba yake mwenyewe. Mababu zake walikuwa wameinunua. Vibarua wengine walikaa katika nyumba za bwana wa shamba, na aliyejibu vibaya alifukuzwa kazini na nyumbani siku moja. Kwa maoni yetu, ujasiri wa Arch hauelezeki bila nyumba ile ndogo ya Barford. Mimbara ilimfundisha kusema, na nyumba ikamwezesha kusema bila kuogopa jioni atalala wapi.

Baba yake alipozeeka na kuugua, mke wa Arch, Mary Ann, aliacha kibarua chake ili amtunze mzee. Arch akaenda kwa wasimamizi wa misaada ya maskini kuomba kiasi kidogo kwa juma. Wao wakamwelekeza ampeleke mzee katika nyumba ya maskini, ambako wazee walifungiwa kama watu waliokosa. Alikataa. Mzee alifia nyumbani, na deni likabaki.

Tarehe 7 Februari 1872 vibarua wa Wellesbourne, kijiji kilicho karibu, walimwita aje kuwasemea. Alitazamia watu wachache. Alipofika jioni alikuta umati ambao yeye mwenyewe alikadiria kuwa karibu 2,000, wakisimama gizani chini ya mti mkubwa, na taa zimetundikwa kwenye fito. Akapanda juu ya kigoda cha kuchinjia nguruwe, akasema nao kama alivyozoea kusema siku ya Bwana. Madai yao yalikuwa ya kawaida sana: shilingi 2 na peni 8 kwa siku, kazi ianze saa 12 asubuhi na kwisha saa 11 jioni, na Jumamosi iishe saa 9. Wengi walikuwa wakipata karibu shilingi 12 kwa juma zima. Mwezi Mei mwaka huo huo walianzisha sendika ya taifa ya vibarua wa mashamba, na Arch akawa rais wake. Mwaka 1874 ilikuwa na wanachama 86,000.

Kanisa la taifa lilifanya nini? Hapa habari inauma. Askofu wa Gloucester, katika karamu ya wakulima mwaka 1872, alitaja bwawa la farasi kwa namna iliyowafanya watu waelewe kwamba wachochezi watumbukizwe humo. Mwaka 1873, katika kijiji cha Ascott, wanawake 16 walihukumiwa kifungo na kazi ngumu kwa sababu walijaribu kuwazuia vijana waliokuja kuchukua kazi za waume zao waliogoma. Baadhi yao waliingia gerezani na watoto wachanga. Mahakimu wawili waliowahukumu walikuwa makasisi wote wawili. Lakini si wote walikuwa hivyo: askofu wa Manchester aliwakemea wenye mashamba hadharani, na kasisi mmoja wa Devon, Girdlestone, alikuwa ameshawasaidia vibarua wengi kuhamia mahali penye mshahara bora. Hata hivyo, wimbo na sala za mikutano ya vibarua zilitoka kwenye vikanisa vidogo, na wasemaji wengi wa sendika walikuwa wahubiri kama Arch mwenyewe.

Mwaka 1873 Arch aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza sheria za wanyama wa kuwindwa. Wakati huo sungura waliokula mboga za maskini walikuwa mali ya bwana, na sheria ya 1862 iliwapa polisi ruhusa ya kumpekua njiani kibarua anayerudi kutoka kazini. Anayelima pembeni mwa hifadhi anaelewa hasira hiyo bila maelezo. Arch aliwaambia wabunge anachokijua. Mwaka 1880 sheria mpya iliwaruhusu wakulima wapangaji kuua sungura wanaoharibu mazao yao.

Sendika yenyewe haikudumu na nguvu zake. Mwaka 1874 wenye mashamba wa mashariki ya Uingereza waliwafungia kazi vibarua wote wenye kadi ya sendika, na baada ya miezi kadhaa hazina ikaisha. Arch akaona kwamba mgomo peke yake hautatosha, kwa kuwa sheria zinatungwa na watu ambao kibarua hawezi kuwachagua wala kuwaondoa. Akaanza kudai kura, na mwaka 1884 sheria ya kura iliwafikia wenye nyumba na wapangaji wa mashambani. Ndiyo iliyomwingiza Bungeni mwaka uliofuata, kwa jimbo la North West Norfolk, akimzidi mtoto wa ukoo mkubwa kwa kura 640. Ndani ya jimbo hilo kulikuwa na Sandringham, wakati huo makao ya mrithi wa kiti cha ufalme. Hivyo mtoto wa malkia akawa chini ya uwakilishi wa mkata nyua!

Mwezi Januari 1886 Bunge lilijadili hotuba ya malkia. Mbunge Jesse Collings aliweka hoja ya kusikitika kwamba serikali haikusema lolote juu ya kuwapatia vibarua vijishamba vya kukodi kwa bei ya haki. Arch alisimama akiwa na suti yake ya kijijini. Hakuzungumza habari za makoloni wala vita. Alizungumza habari za viazi, kodi ya ardhi, na mtu mwenye nguvu anayefungiwa nje ya udongo ambao angeweza kuulima. Alieleza kwamba vibarua hawaombi wapewe ardhi bure, wala hawataki kuiba ya mtu. Wanataka waikodi kwa bei ya haki, ili jasho lao lizae chakula cha nyumbani kwao. Wabunge wengi waliomsikia walikuwa ndio wenye ardhi yenyewe. Hoja ilipita kwa kura 79 zaidi, na serikali ya Lord Salisbury ikaanguka. Si kawaida serikali kuondoka madarakani kwa neno la shamba la viazi, ingawa tukiri kwamba wanasiasa wengine walikuwa na sababu zao za kuiangusha.

Miezi michache baadaye Waliberali waligawanyika juu ya Ireland. Arch alibaki na Gladstone, akashindwa uchaguzi kwa kura 20 tu. Mwaka 1887 ikatoka sheria ya vijishamba, lakini utekelezaji wake uliwekwa mikononi mwa mabaraza ambamo wenye mashamba walikuwa wengi. Mwenye kuombwa ardhi ndiye aliyekuwa mwamuzi wa ombi. Tunajua sheria za namna hiyo.

Arch alirudi Bungeni mwaka 1892, akakaa hadi 1900. Miaka hiyo aliunga mkono sheria ya 1894 iliyovipa vijiji mabaraza yao ya kuchaguliwa, pamoja na uwezo wa kukodi ardhi kwa ajili ya vibarua hata mwenye ardhi akikataa. Aliwekwa pia katika tume ya kifalme iliyochunguza hali ya wazee maskini, akaketi meza moja na yule yule mrithi wa ufalme wa Sandringham. Tukimkumbuka baba yake mgonjwa, tunaona kwamba Arch hakuhitaji kufundishwa swali la kuuliza. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1895 bila kukubaliana juu ya pensheni. Sheria ya pensheni ya wazee ilikuja mwaka 1908, yeye akiwa ameshatoka Bungeni.

Tusimfanye malaika. Wenzake walilalamika kwamba aliiongoza sendika kama mali yake, na mfuko wa wagonjwa alioupenda ulikausha hazina. Mwaka 1896 sendika ikafa kabisa. Katika miaka yake ya mwisho Bungeni alisema mara chache, na vijana wa siasa mpya walimwona amechoka. Huenda ni kweli. Lakini wabunge wa wakati huo hawakulipwa mshahara hadi 1911, na mtu asiye na shamba wala kiwanda aliishi mjini kwa michango ya marafiki. Kukaa humo miaka yote hiyo bila kununuliwa na matajiri si jambo dogo.

Alipotoka Bungeni, marafiki wa chama chake walimpangia fedha kidogo za uzeeni. Akarudi Barford, katika nyumba ile ile ambayo hakuna bwana aliyeweza kumfukuza, akalima bustani yake. Alikufa humo tarehe 12 Februari 1919, akiwa na miaka 92.