Tsuburaya: Fundi aliyeukuza moto mdogo ukatisha dunia

CHOMBO kinapolipuka katika filamu ya katuni ya vita vya anga za juu, na mwako wake kutanda polepole kwenye skrini nzima, ni watazamaji wachache wanaomkumbuka Mjapani mmoja aliyeaga dunia zaidi ya nusu karne iliyopita.

Huyo ni Eiji Tsuburaya, mzawa wa mji wa Sukagawa katika jimbo la Fukushima. Alizaliwa Julai 1901, akafiwa na mamaye angali mdogo, na nyanya yake akawa miongoni mwa waliomlea.

Ndoto yake ya utotoni ilikuwa kuwa rubani. Alijiunga na chuo cha urubani jijini Tokyo, lakini mnamo 1917 mwanzilishi wa chuo hicho alifariki katika ajali ya ndege na milango ikafungwa. Miaka miwili baadaye, kijana huyo aliingia katika sinema akiwa msaidizi wa mpiga picha.

Filamu ya King Kong ya mwaka wa 1933 ndiyo iliyomwonyesha njia. Aliichunguza picha moja baada ya nyingine ili kung'amua jinsi kiumbe kisichokuwapo kilivyofanywa kionekane hai.

Ikumbukwe kwamba moto ndio mtihani mgumu zaidi kwa fundi wa aina hii. Meli inaweza kuchongwa ikawa ndogo, lakini ndimi za moto hazichongeki. Ukiiteketeza meli ya urefu wa mita moja, mtazamaji hutambua papo hapo kwamba anatazama mwanasesere akiungua.

Dawa yake ilikuwa kupiga picha kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida. Kwa mfano, kitu kilichopunguzwa mara 25 hupigwa picha 120 kwa sekunde badala ya 24. Zikionyeshwa kwa kasi ya kawaida, mlipuko wa sekunde moja huchukua sekunde tano, na vifusi huanguka kwa uzito wa jengo halisi.

Aidha, wingu la bomu la nyuklia lilitengenezwa kwa kumimina rangi ndani ya tangi la maji. Rangi iliyokuwa ikizama chini ilionekana ikipaa juu, kwa kuwa picha ilikuwa imepinduliwa.

Hata hivyo, ufundi huo haukuwa bila doa. Mnamo Desemba 1942, mwaka mmoja baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, studio ya Toho ilitoa filamu ya kulisifu shambulio hilo. Bandari, manowari na milipuko vilikuwa kazi ya Tsuburaya, na inasemekana baadhi ya waliotazama picha hizo baadaye walidhani ni za vita halisi.

Moto wa kweli ulifuata. Tokyo iliteketezwa kwa mabomu mnamo Machi 1945, kisha Hiroshima na Nagasaki zikaangamizwa Agosti mwaka huo. Vita vilipokwisha, utawala wa Wamarekani ulimpiga marufuku kwa sababu ya filamu zake za vita, naye akalazimika kujitafutia riziki nje ya studio.

Aliporejea Toho, moto wake ulikuwa na ujumbe mwingine. Machi 1954, mabaharia 23 wa mashua ya uvuvi ya Kijapani walinyunyiziwa majivu ya jaribio la bomu la Marekani huko Bikini. Novemba mwaka huo Godzilla, iliyoongozwa na Ishiro Honda, ikaonyesha Tokyo ikiungua tena. Safari hii hapakuwa na ushindi wa kushangilia, bali wajane, mayatima na hospitali zilizofurika.

Kutoka hapo alielekea angani, kwa The Mysterians mnamo 1957 na Battle in Outer Space mnamo 1959. Kisayansi, angani hakuna hewa: mlipuko humeta na kutoweka, gesi ikitawanyika kila upande, wala hakuna moshi wa kupaa. Milipuko ya studio, iliyofanyika penye hewa na mvutano wa dunia, haingeweza kuitii kanuni hiyo kikamilifu. Lakini ilikuwa na uzito, na uzito ndio unaomfanya mtazamaji aamini.

Alianzisha kampuni yake mnamo 1963, na miaka mitatu baadaye Ultraman ikawateka watoto wa Japani kupitia televisheni. Mmoja wa waliokua wakiipenda ni Hideaki Anno, aliyekuja kusifika kwa milipuko ya kuchora kwa mkono katika katuni, ikiwemo Gunbuster, kisa cha vita vya angani.

Tsuburaya alifariki Januari 25, 1970, akiwa na umri wa miaka 68. Mnamo Machi 2024, filamu ya Godzilla Minus One ilishinda Oscar ya mbinu maalumu za picha, ya kwanza kwa mfululizo huo. Cheche iliyowashwa 1954 ilikuwa ingali haijazimika.