Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (27 Juni 1944 – Januari 1979) alikuwa mwanamuziki, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa wa nchini Tanzania. Alipata umaarufu akiwa na bendi ya Morogoro Jazz, na kuanzia mwaka 1973 aliongoza bendi yake mwenyewe, Orchestra Super Volcano. Anahesabiwa kuwa mmoja wa wanamuziki wakubwa wa muziki wa dansi katika Afrika ya Mashariki. Mashabiki walimwita pia Soloist National kutokana na ufundi wake wa kupiga gitaa la solo.

Maisha ya awali

Mbaraka alizaliwa Mzenga, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Mkoa wa Pwani. Hata hivyo jina lake limefungamana na mji wa Morogoro, ambako ndiko alikofanyia karibu kazi yake yote. Alizaliwa mwaka uleule wa 1944 ambao bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa, kwa hiyo bendi iliyokuja kumpa jina ilikuwa rika lake.

Morogoro na muziki wa dansi

Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, umbali wa karibu kilomita 200 magharibi ya Dar es Salaam. Reli ya Kati inapita hapo, na wakati wa ukoloni mashamba makubwa ya mkonge yalileta wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za Tanganyika. Wakulima wa vijiji vya milimani, kama vile Mkuyuni, Kinole na Matombo, nao hushuka mjini kuuza ndizi, machungwa na mazao mengine. Katika mji wa namna hiyo, wenye watu wa makabila mengi, Kiswahili kilikuwa lugha ya wote na dansi ilikuwa starehe ya wote.

Muziki wa dansi ulichezwa kumbini, mwanamume na mwanamke wakishikana, tofauti na ngoma za jadi. Uliathiriwa sana na santuri za Kuba zilizoletwa Afrika kuanzia miaka ya 1930, na baadaye na muziki wa Kongo. Aliyeutangaza kwanza mji wa Morogoro katika fani hii ni Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928 na kuanzisha bendi ya Cuban Marimba. Cuban Marimba na Morogoro Jazz walikuwa watani na washindani, na mashabiki wa mji waligawanyika kati ya bendi hizo mbili. Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwezi Novemba 1965, na uongozi wa Cuban Marimba ukashikwa na Juma Kilaza. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo kijana Mbaraka Mwinshehe alianza kusikika upande wa pili.

Morogoro Jazz

Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Muda si mrefu akawa mpiga gitaa la solo, mtunzi na mwimbaji wake mkuu. Mtu mmoja kushika kazi zote tatu kwa kiwango cha juu lilikuwa jambo la nadra, kwa sababu katika bendi nyingi mtunzi alikuwa mmoja, mwimbaji mwingine na mpiga solo mwingine.

Bendi za wakati huo zilipiga magitaa matatu au zaidi (solo, rithimu na besi) pamoja na ngoma, tumba na saksafoni. Wimbo ulikuwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mwimbaji alitoa maneno taratibu, na wasikilizaji walifuata kisa. Katika sehemu ya pili, iitwayo chemko, mapigo yalikaza, magitaa yakajibizana na watu wakajimwaga uwanjani. Mbaraka alijulikana hasa kwa namna alivyounganisha sehemu hizi mbili. Gitaa lake lilijibu kila mstari aliouimba, kisha kwenye chemko likachukua nafasi ya sauti yake.

Kila bendi ilihitaji kuwa na mtindo, yaani namna yake ya mapigo na uchezaji yenye jina maalumu. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, na Atomic Jazz wa Tanga walikuwa na Kiweka. Morogoro Jazz walitamba na Likembe. Jina la mtindo lilikuwa kama bendera: mtu alikwenda dansini kucheza Likembe, hakwenda kusikiliza tu. Bendi iliyokosa mtindo mpya ilipoteza wachezaji, na bendi isiyo na wachezaji haikuwa na kiingilio.

Safari ya Japani

Mwaka 1970 Morogoro Jazz waliiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka, Japani, yaliyojulikana kama Expo 70. Maonyesho hayo yalifanyika kuanzia Machi hadi Septemba, na nchi 77 zilishiriki. Kwa bendi ya mji wa mkoani, kuchaguliwa badala ya bendi za Dar es Salaam ilikuwa heshima kubwa. Mbaraka alitunga wimbo kuhusu safari hiyo.

Nyimbo na maudhui

Nyimbo za Mbaraka zilihusu mapenzi, ndoa, fedha, urafiki, wazazi na misukosuko ya maisha mjini. Katika Jogoo la Shamba alitumia methali inayojulikana na kila msemaji wa Kiswahili. Katika Pesa No. 1 alizungumzia nguvu ya fedha, na katika Masimango uchungu wa kusimangwa. Kiswahili chake kilikuwa chepesi na kilieleweka bara na pwani. Hilo lilimsaidia kupendwa hata nje ya Tanzania.

Alitunga pia nyimbo kuhusu matukio ya taifa. Tarehe 25 Desemba 1971 Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa Ismani na mkulima aliyeitwa Saidi Mwamwindi, katika mvutano kuhusu ardhi na siasa ya vijiji vya ujamaa. Mbaraka alimtungia marehemu wimbo wa maombolezo. Kwa watu wengi ambao hawakusoma magazeti, wimbo huo ulikuwa ndiyo habari yenyewe na kumbukumbu yake.

Orchestra Super Volcano

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda Orchestra Super Volcano. Hatua hiyo ilikuwa nzito. Katika bendi nyingi za Tanzania vyombo vilikuwa mali ya klabu, mfanyabiashara au shirika la umma, na mwanamuziki aliyehama aliondoka mikono mitupu. Wengi walikimbilia bendi za mashirika huko Dar es Salaam, ambako walilipwa mshahara wa mwezi. Mbaraka alichagua kuongoza bendi yake na kubeba hasara na faida yake. Super Volcano walikuja na mtindo wa Masika, na baadaye Zole Zole.

Wakati huo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwenye kanda kwa ajili ya matangazo, na matangazo hayo yalieneza jina la mwanamuziki, lakini aliyetaka wimbo wake uuzwe madukani alilazimika kwenda Kenya. Mbaraka alirekodi Nairobi kwa kampuni ya Polydor. Kwa sababu hiyo maisha yake yakawa ya barabarani: Morogoro palikuwa nyumbani, redio ilikuwa Dar es Salaam na soko la santuri lilikuwa Kenya.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Hata hivyo mashabiki wa Mbaraka waliendelea kuwa wa nchi zote mbili. Wimbo wake Shida, unaoeleza kuwa taabu ni sehemu ya maisha ya binadamu, ulipendwa mno nchini Kenya.

Kifo

Mbaraka Mwinshehe alifariki mwezi Januari 1979 kutokana na ajali ya gari huko Mombasa, Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 34. Tanzania ilikuwa vitani dhidi ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda, lakini msiba huo uliwagusa watu wengi pande zote za mpaka. Morogoro ilikuwa imempoteza kiongozi wake wa pili wa muziki kwa ajali ya barabarani, miaka 13 baada ya Salum Abdallah.

Urithi

Baada ya kifo chake Polydor walitoa mfululizo wa santuri zenye jina la Ukumbusho, zilizokusanya nyimbo zake za Morogoro Jazz na za Super Volcano. Super Volcano haikurudi tena kwenye umaarufu ilioupata chini yake. Nyimbo zake bado hupigwa redioni katika vipindi vya muziki wa zamani, Tanzania na Kenya, na bendi za dansi huzirudia kumbini.

Mchango wake mkubwa ni kuonyesha kwamba muziki wa taifa ungeweza kutoka mkoani. Kwa zaidi ya miaka 10 aliifanya Morogoro ishindane na Dar es Salaam katika dansi, bila yeye mwenyewe kuhamia jiji hilo.

Baadhi ya nyimbo zake

Shida
Jogoo la Shamba
Mtaa wa Saba
Pesa No. 1
Masimango
Nisalimie Wazazi
Expo 70
Dr. Kleruu