Giovanni Bottesini (1821–1889): Mpigaji Besi wa Majumba ya Opera na Mwalimu

1.0 Utangulizi

Wasifu wa wanamuziki mara nyingi humweka msanii mbele ya pazia na kuiacha nyuma ya pazia kazi iliyomlisha. Giovanni Bottesini, Mwitalia aliyeishi karne ya 19, ameandikwa sana kwa namna hiyo. Husifiwa kuwa Paganini wa besi, yaani fundi aliyeifanyia besi kile ambacho Niccolò Paganini aliifanyia fidla. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haitoshi. Makala hii inakusudia kuyatazama maisha yake kwa upande mwingine: kama mpigaji aliyeishi kwa mikataba ya misimu katika majumba ya opera, na kama mwalimu ambaye darasa lake kubwa lilikuwa kitabu. Hoja yetu ni kwamba pande hizo hazitengani. Ufundi wa Bottesini ulizaliwa katika kazi ya kila usiku, na mafunzo aliyoyaacha yanaipa kazi hiyo nafasi ya kwanza.

Besi inayozungumziwa hapa ni ile ya kusimama, iliyo kubwa kuliko ala zote za jamii ya fidla. Msikilizaji wa taarabu ya Unguja anaifahamu: husimama nyuma ya fidla, kanuni na udi, ikishika sauti za chini. Tofauti ni kwamba katika okestra za Ulaya hupigwa zaidi kwa upinde kuliko kwa kudonolewa kwa vidole. Kote kuwili, hata hivyo, huchukuliwa kuwa ala ya kuwatumikia wengine.

2.0 Utoto na Mafunzo

Bottesini alizaliwa tarehe 22 Desemba 1821 katika Crema, mji mdogo wa jimbo la Lombardia, kaskazini mwa Italia. Baba yake, Pietro, alikuwa mpigaji klarineti, na mtoto alilelewa katikati ya muziki wa kanisa na wa tamthilia. Aliimba katika kwaya, akapiga ngoma za okestra, na akafunzwa fidla na kasisi mmoja wa mji huo. Kwa vigezo vyote, fidla ndiyo iliyokuwa ala yake.

Mwaka 1835 familia ilimtafutia nafasi katika chuo cha muziki cha Milano. Uwezo wa kulipa ada haukuwapo, na nafasi za ufadhili zilizokuwa zimebaki zilikuwa mbili tu: moja ya basuni na nyingine ya besi. Akachagua besi, na kwa muda wa wiki chache akajiandaa kwa mtihani katika ala ambayo hakuwa ameizoea. Ikumbukwe basi kwamba mtu ambaye jina lake lingekuja kuwa sawa na jina la ala hiyo hakuichagua kwa mapenzi; aliichagua kwa sababu ndiyo iliyofungua mlango.

Chuoni alifundishwa besi na Luigi Rossi, na utunzi alifundishwa na walimu kadhaa, miongoni mwao Nicola Vaccai. Aliondoka mwaka 1839 akiwa na tuzo ya fedha. Kwa tuzo hiyo, pamoja na fedha za kukopa, alinunua besi iliyotengenezwa na Carlo Antonio Testore, fundi wa Milano wa karne ya 18. Ala hiyo ndiyo aliyosafiri nayo kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

3.0 Maisha ya Misimu

Onyesho lake la kwanza la hadhara lilifanyika Crema mwaka 1840. Lakini maonyesho ya mtu mmoja hayakutosha kumpatia mpigaji besi riziki ya mwaka mzima. Ajira ilikuwa katika okestra za tamthilia, na ajira hiyo ilifuata misimu ya opera: msimu ulipokwisha, mkataba ulikwisha, na mpigaji alilazimika kutafuta mji mwingine. Bottesini alishika nafasi ya namna hiyo huko Venezia, na huko ndiko alikojenga uhusiano na Giuseppe Verdi, uhusiano ambao, kama tutakavyoona, ulimfaa hadi mwisho.

Mwaka 1846 alivuka Atlantiki pamoja na mpigaji fidla Luigi Arditi, akawa mpigaji besi wa kwanza katika ukumbi wa Tacón, Havana, nchini Cuba. Huko ndiko ilikoonyeshwa opera yake ya kwanza, *Cristoforo Colombo*. Mwaka 1849 alijitokeza London, miaka mitatu baada ya kifo cha Domenico Dragonetti, Mvenezia aliyeutawala upigaji wa besi katika jiji hilo kwa nusu karne. Mwaka 1854 alikuwa Mexico. Kuanzia 1855 hadi 1857 aliongoza okestra ya Théâtre-Italien mjini Paris, na katika miaka iliyofuata alifanya kazi Palermo, Barcelona na Urusi.

Katika mzunguko huo Bottesini alihama hatua kwa hatua kutoka kiti cha mpigaji hadi jukwaa dogo la kiongozi wa okestra, bila kuiacha ala yake. Alikuwa na desturi ya kuiongoza opera, kisha kati ya tendo na tendo kuileta besi mbele ya hadhira na kupiga utunzi wake uliojengwa juu ya nyimbo za opera. Fantasia zake juu ya *La sonnambula* ya Bellini na *Lucia di Lammermoor* ya Donizetti ni za aina hiyo. Ni dhahiri kwamba tungo hizi ni zao la mahali pa kazi. Mtu aliyekaa usiku baada ya usiku chini ya jukwaa, akiwashikia waimbaji msingi wa sauti, aliijua vizuri mikondo ya nyimbo zao. Alipoipa besi nafasi ya kuimba, aliifanya iimbe kama wao.

Mbinu zake ziliambatana na lengo hilo. Besi yake ilikuwa na nyuzi tatu. Kwa maonyesho ya peke yake alizikaza zaidi ya kiwango cha okestra ili sauti iwe na mng'aro. Upinde aliushika mkono ukiwa juu yake, kama wapigaji chelo, tofauti na Dragonetti aliyeushika kwa kuutia mkono chini. Aidha, alitumia kwa wingi sauti nyembamba zinazopatikana kwa kuugusa uzi bila kuukandamiza, akaifikisha besi katika eneo la fidla.

4.0 Kitabu cha Mafunzo

Kitabu chake cha mafunzo ya besi kilichapishwa mwishoni mwa muongo wa 1860. Muundo wake unastahili kuzingatiwa. Kimegawanywa katika sehemu mbili: ya kwanza inahusu besi ndani ya okestra, na ya pili inahusu besi kama ala inayosimama peke yake. Fundi aliyeishangaza hadhira ya mabara mawili hakuanza kwa kufundisha maajabu. Alianza kwa kazi itakayompatia mwanafunzi mkate wake, na sehemu ya pili akaijenga juu ya ya kwanza.

Si kila alichokitetea katika kitabu hicho kilidumu. Aliamini kwamba nyuzi tatu huipa besi sauti huru zaidi. Lakini okestra zilizidi kuhitaji sauti za chini ambazo nyuzi tatu hazikuweza kuzifikia, na nyuzi nne zikashinda. Mafunzo ya Franz Simandl (1840–1912), aliyefundisha Vienna, yalijengwa juu ya nyuzi nne na yakaenea sana. Hata hivyo, kitabu cha Bottesini kimeendelea kutumiwa, na namna yake ya kushika upinde ni mojawapo ya namna mbili zinazofundishwa hadi leo.

5.0 Cairo na Parma

Tukio linalotajwa zaidi katika maisha yake kama kiongozi lilitokea barani Afrika. Khedive Ismail wa Misri alikuwa amejenga jumba la opera mjini Cairo, lililofunguliwa Novemba 1869, mwezi ule ule wa kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez. Baadaye Verdi aliombwa kutunga opera kwa ajili ya jumba hilo, nayo ikawa *Aida*. Onyesho lilicheleweshwa na vita kati ya Ufaransa na Prussia, kwa kuwa mapambo na mavazi yalikwama Paris mji huo ulipozingirwa. Hatimaye, tarehe 24 Desemba 1871, *Aida* ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Verdi hakusafiri, aliyeongoza okestra alikuwa Bottesini.

Mwenyewe alitamani pia kutambuliwa kama mtunzi wa opera. Aliandika kadhaa, na *Ero e Leandro*, yenye maneno ya Arrigo Boito, ilipokewa vizuri mjini Torino mwaka 1879. Lakini opera hizo hazikudumu jukwaani.

Cheo cha ualimu kilimjia kwa kuchelewa. Mwaka 1889, kwa mapendekezo ya Verdi, aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa chuo cha muziki cha Parma. Hakukitumikia kwa mwaka mzima. Alifariki mjini humo tarehe 7 Julai 1889, akiwa na umri wa miaka 67, akazikwa katika makaburi ya Villetta, alikozikwa pia Paganini.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Bottesini aliipata besi kwa sababu ya uhitaji, akaikuza katika ajira ya misimu, na akaifundisha kwa kitabu kilichotanguliza utumishi wa okestra. Tungo zake za besi na kitabu hicho vimeishi kuliko opera alizozitegemea zimletee heshima. Funzo hili linawahusu pia watafiti wa muziki wa Afrika Mashariki. Wasifu wetu huwatanguliza waimbaji na watunzi, ilhali wapigaji besi wa taarabu na wa dansi, ambao wengi wao waliwafunza vijana bila cheo cha ualimu, hutajwa kwa nadra. Anayetaka kuandika maisha yao hana budi kuuliza walilipwa vipi, walipiga wapi usiku hadi usiku, na ni nani aliyejifunza kando yao.