Bakhita wa Sudani

Zamani misafara ya watumwa ilivushwa ziwa Tanganyika kwenda Ujiji. Siku zile zile, mbali sana upande wa kaskazini, katika nchi ya Darfur huko Sudani, msichana mmoja alipatwa na msiba huo huo. Alizaliwa karibu na mwaka 1869. Dada yake mkubwa alikuwa ametekwa kabla yake.

Siku moja watu wawili wenye silaha wakamkuta shambani. Mmoja akamtuma mwituni kumletea mzigo wake. Mtoto akatii, nao wakamkamata. Wakamwuliza jina lake, lakini kwa hofu alikuwa amelisahau. Basi wakamwita Bakhita, maana yake mwenye bahati. Bahati gani hiyo! Wakamfungia katika chumba kidogo chenye giza zaidi ya mwezi mzima. Jina alilopewa na wazazi wake hakulikumbuka tena maisha yake yote.

Mara moja alitoroka pamoja na msichana mwenzake. Wakakimbia usiku kucha, lakini mtu mmoja akawadanganya, akawatia minyororo katika zizi la kondoo, kisha akawauza.

Bakhita akauzwa mara kadhaa. Bwana mmoja alikuwa jemadari wa Kituruki. Nyumbani kwake haikupita siku bila fimbo. Mke wa jemadari akaagiza watumwa wachanjwe mwili. Mwanamke fundi akachora alama kwa unga, akakata kwa wembe, akazijaza chanjo chumvi ili makovu yabaki. Bakhita alikatwa chanjo 114, akalala mkekani muda mrefu bila kuweza kutembea.

Mwaka 1883 balozi wa Italia mjini Khartoum, Callisto Legnani, akamnunua. Huyu hakumpiga. Mwaka 1885, wakati wa vita vya Mahdi, balozi akarudi kwao, na Bakhita akamsihi amchukue. Kule Italia alitolewa kwa jamaa ya Michieli, akawa yaya wa mtoto wao Mimmina.

Baadaye Michieli akanunua hoteli huko Suakin, katika Sudani. Mama Michieli alipokwenda huko, akamwacha Bakhita na mtoto kwa Masista wa Kanosa mjini Venezia. Hapo Bakhita akafundishwa dini. Mama aliporudi kuwachukua, Bakhita akakataa kwenda. Mama akakasirika, mtoto akalia, na Bakhita alimpenda mtoto yule kama wake, lakini hakutikisika. Shauri likafika kwa wakubwa, na Kardinali wa Venezia akahudhuria. Tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haijui utumwa, kwa hiyo Bakhita si mali ya mtu.

Tarehe 9 mwezi wa kwanza 1890 akabatizwa, akaitwa Yosefina. Mwaka 1896 akaweka nadhiri za usista. Katika mji wa Schio alikuwa mpishi, akashona, akatunza sakristia, kisha akawa bawabu. Watoto walimpenda, na watu wa mji wakamwita Mama Mweusi.

Katika ugonjwa wake wa mwisho alijiona tena mtumwa, akamwomba mwuguzi ailegeze minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Alikufa tarehe 8 mwezi wa pili 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2000.