KEN USTON: Je, anayeishinda kasino amwachie bakshishi mgawa karata?

Wadau, leo naomba tuiache siasa ipumzike kidogo. Najua wengine mnasoma hii mkiwa kafe na dakika zinahesabiwa, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Swali ni hili: mtu anayejua karata kiasi cha kuishinda kasino, ana wajibu wa kumwachia bakshishi yule anayemgawia? Mimi nasema ndiyo, ila kwa hesabu. Ili mnielewe, nitawasimulia maisha ya jamaa mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1987. Anaitwa Ken Uston.

Uston alizaliwa New York mwezi Januari 1935, baba Mjapani na mama kutoka Austria. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kenneth Senzo Usui. Kichwa chake hakikuwa cha kawaida. Aliingia chuo kikuu cha Yale akiwa na miaka 16 tu, kisha akasomea biashara Harvard. Akapanda ngazi mpaka akawa makamu wa rais mwandamizi wa soko la hisa la Pacific kule San Francisco. Tai shingoni, ofisi nzuri, mshahara mnono. Mzazi gani asingejivunia?

Katikati ya miaka ya 1970 akakutana na Al Francesco, na hapo mambo yakageuka. Kwa wasioujua mchezo wa blackjack: unatafuta kufikia 21 bila kupita, unashindana na mgawaji wa kasino. Karata zilizokwisha kutoka hazirudi mpaka zichangwe upya. Sasa basi, zikitoka nyingi ndogo, zilizobaki ni kumi, karata za picha na ree, na hizo zinamsaidia mchezaji. Anayehesabu kichwani anajua ni saa ngapi aongeze dau. Huo si wizi, ni akili tu. Lakini kasino wakikugundua wanakutoa nje, maana wao hawakukuita ushinde!

Francesco akabuni ujanja wa timu. Watu kadhaa wanakaa kwenye meza mbalimbali, wanaweka vidau vidogo na kuhesabu kimyakimya. Meza ikiwa na moto, wanatoa ishara. Hapo anatokea mtu mwingine kabisa, anajifanya tajiri mpenda starehe asiye na habari, anamwaga dau kubwa, kisha anahamia meza nyingine. Huyo ndiye "mchezaji mkubwa", na Uston akawa mmoja wao. Mwanzoni siku za kazi alikuwa ofisini San Francisco, mwisho wa wiki anaruka kwenda Las Vegas. Baadaye ofisi akaiaga kabisa.

Hapa ndipo bakshishi inapoingia. Fikirini wenyewe: unajifanya tajiri asiyejali hela, halafu humwachii mgawaji hata dola moja. Nani atakuamini? Tajiri bahili kwenye meza ya dau kubwa ni taa nyekundu. Kwa mtu wa kazi kama ya Uston, bakshishi ilikuwa sehemu ya vazi la kazi, sawasawa na koti zuri.

Ila hesabu nayo haina huruma. Mhesabu karata mzuri anaizidi kasino kwa kama asilimia 1 tu ya anachoweka. Chukua mtu anayeweka dola 25, anacheza mikono 60 kwa saa. Ameweka jumla ya dola 1,500, na anachoweza kutarajia ni dola 15 kwa saa. Akitoa bakshishi ya dola 5 mara tatu, amefanya kazi bure! Sasa mchukue anayeweka dola 1,000 kila mkono. Anatarajia dola 600 kwa saa. Zile dola 15 kwake ni kama nauli ya daladala. Ndiyo maana naona swali la ndiyo au hapana halitoshi, lazima tujue ni mkubwa kiasi gani.

Na kuna upande wa pili wa meza, ambao wachezaji wengi wanausahau. Mgawaji wa Las Vegas kwa kawaida analipwa mshahara wa chini karibu na kima cha chini, na sehemu kubwa ya riziki yake ni bakshishi. Ukiishinda kasino, yeye hapungukiwi kitu, hela ni za tajiri wake. Lakini ukikaa kwenye kiti saa nane bila kutoa kitu, umekalia kiti ambacho angekaa mtu wa kumpa. Hapo umemgusa yeye, si tajiri. Tena katika kasino nyingi bakshishi inatupwa kwenye kisanduku na kugawanywa kwa wote, kwa hiyo ubahili wako unawagusa wengi. Mnakumbuka kisa cha mwaka 2006 pale Wynn Las Vegas? Uongozi uliamua wasimamizi nao waingie kwenye mgao huo, na mwaka 2007 wagawaji wakapiga kura kuunda chama cha wafanyakazi. Watu hawapigani hivyo kwa ajili ya senti.

Wapo wanaosema bakshishi inanunua upendeleo, mgawaji achelewe kuchanga ili mhesabuji aendelee kufaidi. Enzi za pakiti moja inayochangwa kwa mkono, mgawaji alikuwa na nafasi ya kuamua mwenyewe. Mimi hapo naweka mstari. Sisi tunaijua vizuri ile "chai" ya kutoa kabla ya kuhudumiwa. Bakshishi ya halali inatolewa waziwazi, mgawaji anaigonga chipu mezani ili wasimamizi na kamera waone, ndiyo inaingia kisandukuni. Ukitoa ili akuonyeshe karata iliyofichwa, hiyo ni rushwa na ni jinai.

Turudi kwa Uston. Kasino za Nevada zikamjua na kumpiga marufuku. Akaanza kuvaa ndevu za bandia na mawigi. Mwaka 1977 akatoa kitabu The Big Player, kikaianika siri ya timu, na Francesco hakufurahi hata kidogo. Atlantic City ilipofungua kasino mwaka 1978 akahamia huko. Mwezi Januari 1979 kasino ya Resorts International ikamtoa. Wengine wangenuna na kuondoka, yeye akaenda mahakamani! Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya juu ya New Jersey ikaamua kwamba kasino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa sababu ya kuhesabu karata, kanuni za mchezo ni kazi ya tume ya serikali. Kasino wakajibu kwa kuongeza pakiti za karata na kuchanga mapema.

Uston alikutwa amefariki katika nyumba ya kupanga jijini Paris, Septemba 1987, akiwa na miaka 52.

Ninachojifunza kwake ni kwamba alijua adui wake ni nani. Hakumshitaki mgawaji aliyetumwa kuchanga mapema, aliishitaki kampuni. Ndiyo maana nasema bingwa atoe. Pendekezo langu: atenge sehemu moja ya kumi ya anachotarajia kwa saa. Wa dola 15 atoe dola moja na kitu, wa dola 600 atoe 60. Kama ni timu yenye hela za wawekezaji, wakubaliane kabla ya kuingia, maana ukarimu kwa hela ya mwenzako si ukarimu. Na asijidanganye kwamba ananunua bahati. Analipa jasho la mtu aliyesimama pale usiku kucha.

Narudia tu, wasije wengine wakakimbilia kasino kesho: Uston alikuwa na kichwa cha Yale, timu nyuma yake na mtaji. Wengi wetu tutakuwa wale wanaomlipia tajiri umeme.

Haya, uwanja ni wenu. Anayeshinda kwa akili yake ana deni kwa mgawaji, au kila mtu abebe mzigo wake? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.